Mgongaji wa Ngomeni

"Gonga tena," Inspekta alisema kwenye simu. "Kwa ngumi na kiganja, si kwa jiwe. Yeye hakuwa na jiwe."

Kisha akaikata simu na kuitia mfukoni, maana alitaka kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye maegesho ya mabasi, nje ya ukuta wa ngome. Koplo alikuwa ndani, kwenye kile wanachokiita chumba cha wafungwa, amefungiwa komeo kwa nje kwa ridhaa yake, huku akilalamika kwamba katika mafunzo yote ya upolisi hakuna aliyemwonya kuhusu popo.

Sauti ikaja. Ilikuwa nzito na ya chini, kama mtu anayetwanga kitu nyumba ya tatu. Lakini ilikuja.

Inspekta alihamia uani, penye kibanda cha soda. Hapo ilisikika vizuri zaidi. Akaenda langoni, kwenye kiti cha bawabu. Hapo pia. Akatia alama za penseli kwenye ramani ya ngome aliyokuwa ameichora asubuhi, kisha akampigia Koplo tena na kumwomba apige kelele kwa nguvu zake zote. Akasubiri. Hakusikia kitu.

"Umepiga?"

"Afande, nimepiga mpaka koo linawasha. Popo wameamka wote."

"Basi kelele hazipiti. Kugonga kunapita. Pumzika kidogo, halafu tutaendelea."

Idarani walimwita Taratibu, na hakulichukia jina hilo. Alikuwa mtu wa kupima jambo kabla ya kulisema. Ndiyo maana kile alichokisema asubuhi ile kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mdogo wa mwanamke aliyekutwa amekufa mle chumbani, akiwa amekaa kwenye ukumbi wa hoteli, alikuwa amemuuliza swali moja tu: "Aliita?" Naye akamjibu, "Kuta za kule ni nene sana, dada. Hata kama aliita, hakuna ambaye angesikia." Alikuwa hajapima lolote. Alisema vile kwa sababu mama yule alikuwa ameishika kofia ya njano ya marehemu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani yenye mchuzi.

Kofia ile ndiyo iliyowapoteza njia tangu mwanzo. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja kupumzika kwenye hoteli za ufukweni pamoja na mdogo wake. Juzi, mdogo wake akipendelea kukaa kando ya bwawa la kuogelea, mwalimu alipanda basi la Ziara ya Historia, ile safari ya siku moja inayowatoa wageni ufukweni asubuhi, kuwaonyesha ngome ya kale, na kuwarudisha kabla ya chakula cha jioni. Kila mgeni hupewa kofia ya njano. Wakati wa kurudi, utingo hahesabu vichwa, kwa sababu vichwa vinainama, vinahama viti na kushuka tena kununua maji. Anahesabu kofia. Juzi kofia zilitimia. Ya mwalimu ilikuwa juu ya kiti chake pamoja na mkoba wake, na ndani ya mkoba mlikuwa na simu na dawa yake ya pumu ya kupuliza. Kofia ilikuwa ikimbana, akaiacha ndani ya basi.

Utingo akaapa kwamba wote wamerudi. Polisi wakamwamini, wakamulika tochi ufukweni wakidhani mama wa watu amechukuliwa na maji, Inspekta mwenyewe akiwa mbele. Jana asubuhi mfagiaji wa ngome alifungua chumba cha wafungwa na kumkuta nyuma ya mlango. Daktari alisema ni pumu. Daktari alisema pia, bila kuulizwa, kwamba mikono yake ilikuwa imevimba.

Na kulikuwa na mtu mahabusu. Mwongoza wageni, ambaye kila mtu alimwita Profesa, ndiye aliyewaingiza wageni chumbani, ndiye aliyewatoa, na ndiye aliyesukuma komeo. Wageni wote walieleza kwamba mwalimu alibishana naye njia nzima. Alimwambia mbele ya watu kwamba pale hapakuwa gereza hata siku moja, palikuwa ghala la chokaa, na kwamba lile komeo ni jipya kuliko yeye Profesa. Wageni wakacheka. Kesho asubuhi faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na juu yake mkuu wa kituo alikuwa tayari ameandika kwa mkono wake: kuua kwa kukusudia.

Inspekta alirudi kwenye kibanda cha soda. Mwenye kibanda, mwanamume mwembamba aliyeitwa Barafu, alikuwa anapangusa chupa iliyokuwa kavu.

"Umesikia?"

"Kusikia nini, afande?"

"Hicho kishindo cha sasa hivi."

"Labda jenereta."

"Jenereta nimeizima mwenyewe. Ndiyo maana soda zako zinapata joto."

Barafu alicheka kidogo, akaacha. Jana alikuwa ameeleza kwamba juzi hakusikia kitu. Bawabu naye alieleza hivyo hivyo, karibu kwa maneno yale yale.

"Sikuja kukukamata," Inspekta alisema. "Simama hapo hapo, uendelee na kazi yako."

Akampigia Koplo. Mlango ukagongwa tena. Safari hii Inspekta hakusikiliza, alitazama. Alimtazama Barafu, kisha kwa haraka akamtazama bawabu aliyekuwa mbali, langoni, asiyeweza kumwona Barafu kwa sababu ya nguzo. Wote wawili waliinua macho. Hakuna aliyetazama mlango wa chumba cha wafungwa. Wote walitazama kushoto kwake, penye mlango mdogo wa bati uliopakwa rangi ya ukuta.

Inspekta alikaa kwenye kreti la soda na kufikiri juu ya hilo kwa muda. Mtu akisikia mlango unagongwa, hutazama mlango unaogongwa. Akitazama wa jirani, ni kwa sababu amezoea kwamba kishindo hutoka huko.

Alikwenda kumfungulia Koplo. Koplo alitoka akiwa amejaa vumbi, akipuliza ngumi zake.

"Nimeandika maombi ya uhamisho kichwani," alisema. "Niliyaanza kwa heshima."

"Twende kwenye ule mlango wa bati."

Bawabu aliwafuata, akiburuta miguu. Alikuwa mtu mzima mwenye sare iliyofuliwa mpaka ikapauka. "Hicho ni cha vifaa, afande. Ufunguo ulipotea zamani."

Inspekta aliligusa kufuli, akaangalia kidole chake. Kilikuwa na mafuta. Akamwonyesha bawabu kile kidole. Bawabu alikitazama kama mwanafunzi anayeonyeshwa alama zake. Kisha akainama, akavua kiatu cha kulia, na kutoa ufunguo.

Kilikuwa chumba chembamba, kisichozidi upana wa kitanda. Kulikuwa na kigoda, chupa ya chai, kipande cha mnyororo kilichotundikwa kwenye msumari, na nondo fupi iliyofungwa matambara kwenye ncha. Ukuta unaopakana na chumba cha wafungwa ulikuwa umechimbika mahali pamoja, kwa kimo cha mtu aliyekaa. Upande wa nyuma kulikuwa na mlango mwingine, uliotokea kichakani. Kwenye kigoda palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake kitambaa cha kufuma kwa uzi wa kijani ambacho hakijaisha. Sindano ya kufumia ilikuwa bado imechomekwa.

Koplo aliinua ile nondo, akagonga mara moja ukutani. Barafu, kule kibandani, aliinamisha kichwa.

"Nani hukaa humu?" Inspekta aliuliza.

"Mgongaji," bawabu alisema.

"Anafanya nini?"

"Anagonga." Bawabu alivaa kiatu chake polepole ili asilazimike kuinua uso. "Profesa akishawaingiza wageni mle, hufunga mlango. Giza. Huwaambia, nyamazeni, msikilize, wapo bado. Halafu mgongaji anagonga, anatikisa mnyororo. Wageni wanapiga mayowe, wanashikana. Wakitoka nje wanacheka, wananunua soda. Wanakwenda kuwaambia wenzao hotelini. Bila hivyo, afande, hizi ni kuta tu. Nani atatoka ufukweni aje kuangalia kuta?"

"Na juzi?"

Bawabu alimtazama Barafu, ambaye alikuwa amesogea karibu bila kuitwa, kitambaa chake cha kupangusia kikiwa begani.

"Mwambie tu," Barafu alisema. "Jana nilishindwa kula."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Barafu alisafisha koo. "Juzi walipokuwa ndani mgongaji hakugonga. Kimya. Profesa alitoka nao haraka, uso umemshuka. Kuna mmoja alisema yule mama amemuuliza kule gizani kama wafungwa wake wamekwenda likizo. Wote wakacheka, na Profesa akaona bora awatoe. Akabamiza mlango, akasukuma komeo, hata hakugeuka. Wakaja kwangu. Wakati wanakunywa soda, mlango ukaanza kugongwa."

Barafu alikishusha kitambaa kutoka begani.

"Profesa uso ukamrudi. Akainua mkono hivi, akawaambia, mnasikia? Hao. Wamechelewa leo. Wageni wakapiga makofi." Barafu alijifuta uso kwa kile kitambaa cha chupa. "Na mimi nilipiga."

Inspekta alifikiria yale maelezo ya wageni, karatasi juu ya karatasi, yaliyochukuliwa hotelini jana. Walieleza joto, ubishi, soda, hata rangi ya viatu vya mwalimu. Makofi hakuna aliyeyataja.

"Kugonga kuliendelea mpaka lini?"

"Basi liliondoka kukiendelea," bawabu alisema. "Mimi nikaja mpaka hapa kwenye bati. Nikasema kwa sauti, inatosha, wageni wameshakwenda. Nikarudia. Kukanyamaza." Aliutazama ule mlango wa bati. "Nikasema, amenisikia."

Koplo alitoka nje, akasimama akiwapa mgongo.

"Jina la mgongaji," Inspekta alisema.

"Hilo siwezi, afande."

"Alikuwepo juzi au hakuwepo?"

"Sijui. Mimi humwondolea komeo la mlango wa nyuma asubuhi, basi. Simwoni akija, simwoni akiondoka. Huja kabla ya basi, hutoka basi likishaondoka. Ndivyo alivyotaka."

"Lakini unamjua."

"Namjua na namheshimu. Muulize Profesa. Si mimi wa kulitamka."

Ndani ya gari, Koplo aliendesha bila utani wala malalamiko, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kama mgongaji hakuwepo na Profesa alijua hayupo," alisema mwishowe, "basi alisimama pale akijua kabisa ni nani anayegonga. Akawaambia watu wapige makofi. Huyo nitamfunga pingu mwenyewe."

"Na kama hakujua?"

"Kama hakujua, ni mtu aliyefunga mlango bila kuangalia nyuma."

"Hilo nalo ni kosa."

"Ni kosa. Lakini si lile lililoandikwa kwenye faili."

"Basi kazi yetu ya leo ni hiyo moja," Inspekta alisema. "Alijua, au hakujua."

Profesa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu. Miwani yake ilikuwa inaning'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikika mpaka nyuma ya basi, lakini siku ile aliitoa kidogo kidogo.

"Andika nilimfungia," alisema kabla hajaulizwa. "Tumalize."

"Kwa kukusudia?"

"Andika unavyoona."

"Mimi siandiki ninavyoona. Ulipowatoa wageni, uliangalia nyuma ya mlango?"

"Sikuangalia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naona haya." Alitazama mikono yake. "Yule mama alikuwa na haki. Ni ghala la chokaa. Nimelijua hilo miaka yote. Alinivua nguo mbele ya watu, nikataka kufika juani haraka."

"Baadaye ukasikia mlango unagongwa."

Profesa aliishika miwani yake.

"Ukawaambia wageni, wamechelewa leo."

Mtu yule alifunga macho. Hakukana.

"Ulidhani ni nani anagonga?"

"Sikudhani kitu."

"Tumekiona chumba cha bati, bwana. Tumeona nondo. Kuna mtu wa kugonga. Mtu huyo anaweza kusema kama ulijua yupo au hayupo. Anaweza kukutoa kwenye shtaka la kunyongwa. Nipe jina."

"Hakuna mtu."

"Nondo inajigonga yenyewe?"

"Nilikuwa nagonga mwenyewe."

"Ukiwa upande wa pili wa ukuta, na wageni."

Inspekta alimpa ishara Koplo, naye akauweka mfuko wa plastiki juu ya meza na kukitoa kile kitambaa cha kijani.

Profesa alisimama. Hakuambiwa asimame. Aliinuka kama mtu aliyeingiliwa chumbani na mgeni mkubwa, akarudi nyuma hatua moja, akageuza uso ukutani na mikono ameikusanya mbele. Akabaki hivyo.

"Kiondoe," alisema. "Tafadhali. Nipeleke mahakamani, lakini hicho kiondoe."

Inspekta alimwangalia kwa muda mrefu kidogo. Mwanamume akiona kazi ya mikono ya mke wake, hasimami. Akiona ya dada yake, atacheka au atakasirika. Yuko mtu mmoja tu ambaye mwanamume humpisha njia, hamtazami usoni, wala hamalizi sahani mbele yake. Na jana, walipopekua nyumba ya Profesa, viti vyote vya sebuleni vilikuwa vimefunikwa vitambaa vya kijani. Mke wake, akilia, alikuwa amewaambia wasivivute vibaya. "Ni vya mama. Mimi mkono wa kufuma sina."

"Mrudishe," alimwambia Koplo. "Na umpe chai."

Mama mkwe aliishi mtaa wa nyuma ya ule wa Profesa, katika nyumba ndogo yenye veranda iliyosafishwa kwa maji. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Binti yake, mke wa Profesa, alikuwa pale tangu jana, amekuja kulia kwa mama yake.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, baba. Karibuni. Habari ya mkwe wangu?"

"Yu mzima. Amekunywa chai."

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani minene na mguu mmoja uliofungwa bandeji ya kuvutika. Macho yake yalikwenda mara moja kwenye mikono ya Koplo, penye ule mfuko.

"Umekikunja vibaya, mwanangu," alisema. "Mishono itafumuka." Kisha akamgeukia binti yake. "Nenda kachemshe maji."

"Chai ipo, mama."

"Chemsha nyingine."

Binti alipoingia jikoni, mama alikaa, akakichukua kitambaa na kukilaza magotini. Inspekta alikaa chini kidogo kuliko yeye, kwenye kigoda. Alingoja. Alikuwa amejifunza mwenyewe, bila kufundishwa na yeyote, kwamba watu wengine huulizwa kwa kuachwa.

"Bawabu ndiye aliyekuja kuniambia," mama alianza. "Yule kijana aliyekuwa akigonga alipata kazi hotelini, akaacha. Bawabu akasema Profesa anatafuta mtu mwenye siri. Nikasema, nitakwenda mimi, ila asijue."

"Profesa asijue?"

"Asiambiwe kwa mdomo. Bila shaka alikuja kujua. Aliona chupa yangu ya chai siku moja, akatoka mle kama aliyemwagiwa maji. Tangu siku ile hajaingia tena. Lakini hatukusemezana. Atalianzaje? Aniambie, mama, leo gonga kwa nguvu? Na mimi nimwambie nini? Mkwe wangu, ule mnyororo umekuwa mfupi?" Alitaka kucheka, midomo ikakataa. "Maneno yote yalipitia kwa bawabu. Mimi naingia kwa nyuma kabla hajafika, natoka akishaondoka. Hanioni, simwoni. Tulikuwa tunaheshimiana hivyo. Huyu binti anajua nakwenda kwenye kikundi cha kufuma."

"Kwa nini ulifanya, mama?"

"Ningekaa nile kwake? Kila siku anipitishie mfuko wa unga hapo dirishani? Niliona aibu hiyo ni kubwa. Hii nyingine ilikuwa gizani, nani angeiona."

Koplo alikuwa anaandika maelezo magotini. Inspekta aliongea kwa sauti ile ile ya chini. "Juzi, mama."

"Juzi mguu ulikataa. Nilitoka nimechelewa. Nikawa nasimama kila penye kivuli. Nilipofika kule kichakani, nikasikia mlango unagongwa."

Aliutafuta mshono wa mwisho kwa kidole, akaupata, akaushika.

"Nilisimama nje ya mlango wa nyuma. Nikajua wamepata mwingine. Nikasema, wameona nachelewa, wameona nimezeeka, wameleta mwenye nguvu, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Ningeingia nikutane na nani? Nimkute mtu amekaa kwenye kigoda changu? Na mkwe wangu yupo hapo uani, namsikia anaongea na wageni."

"Hukufungua."

"Sikufungua. Nilisikiliza kidogo." Alikuwa anamtazama Inspekta moja kwa moja sasa, kama mtu aliyeamua kutokwepa. "Huyu alikuwa anagonga bila mpango. Mara haraka, mara anaacha, anaanza tena. Mimi nilikuwa nagonga kwa hesabu. Nikasema moyoni, huyu anajua kazi. Anagonga kama mtu kweli."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Nikageuka, nikarudi nyumbani," mama alisema.

Kwenye mlango wa jikoni palikuwa na sinia. Binti alikuwa amesimama nalo, vikombe vinagongana kidogo kidogo, na haikujulikana alikuwepo tangu lini. Mama yake hakugeuka, ila bega lake la upande ule lilishuka.

Inspekta alisubiri mpaka vikombe vilipotulia. "Nina swali moja, mama, na ndilo lililonileta. Mkwe wako angeweza kujua kwamba hukuwemo mle?"

"Angejuaje? Ndivyo tulivyopanga. Asijue kama nipo."

"Na aliposikia mlango ukigongwa?"

"Alijua ni mimi nimechelewa. Angekuwa na nani mwingine?"

Koplo aliandika hilo neno kwa neno, akamsomea. Mama alisikiliza akitikisa kichwa kukubali, hata penye maneno magumu. Kisha Koplo akampa kalamu.

"Yatasomwa mbele yake?" mama aliuliza.

"Yatasomwa," Inspekta alisema. "Kwa mwendesha mashtaka, pengine na mahakamani. Atakuwepo."

"Atasikia jina langu na ile nondo."

"Atasikia."

Alikitazama kitambaa magotini mwake. "Usiniharakishe leo, baba. Siyakatai, niliyoyasema nimeyasema. Lakini kuna huyu nyuma yangu, bado sijamweleza kitu. Siwezi kutia sahihi kwa serikali kabla ya kuongea na mtoto wangu. Kesho asubuhi nitakuja kituoni."

"Nitatuma gari, mama. Kuna mlango wa upande, hutaonekana na watu."

"Hapana," alisema. "Nitaingia kwa mlango wa mbele."

Koplo alimtazama Inspekta. Kanuni ya Inspekta, aliyowafundisha wote idarani, ilikuwa kwamba maelezo yasiyotiwa sahihi si maelezo. Mtu hubadilika usiku, jamaa humshauri, aibu humrudia. Inspekta aliichukua ile karatasi, akaikunja ilivyo, akaitia ndani ya koti.

"Kesho kabla ya faili kuondoka," alisema. "Kwaheri, mama."

Walirudi kwa barabara ya ufukweni. Mbele ya hoteli wahudumu walikuwa wanakusanya viti vya jua, na kwenye ubao wa matangazo bado kulikuwa na picha ya mlango wa chumba cha wafungwa, na maandishi makubwa: Sikia Historia. Koplo alipunguza mwendo. Vifundo vya mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya usukani, vilikuwa vimevimba na kuchubuka.

"Paka dawa hiyo," Inspekta alisema.

"Nitapaka." Kisha akaongeza, "Nimegonga kidogo tu, afande. Tena kwa kupumzika pumzika."

Kwenye vioo vya ukumbi alionekana mdogo wa marehemu, amekaa kiti kile kile cha asubuhi. Alikuwa amevaa viatu vya safari, na kofia ya njano ilikuwa juu ya meza mbele yake.

"Yule dada tutamwambia nini?" Koplo aliuliza.

"Nilimwambia kuta ni nene."

"Najua. Nilikuwepo."

Koplo alisimamisha gari mbele ya mlango wa hoteli, akazima injini. Inspekta alishika kitasa cha mlango wa gari. Aliona jinsi dada yule alivyoinua uso kila mtu alipoingia, na kuushusha.

"Kesho," alisema. "Nitaanza na huyu kabla ya kituo. Twende."

Koplo aliweka mikono yake miwili magotini, ule mzima juu ya ule uliovimba. Hakuwasha gari.